Dada wa Ng'ambo ya Barabara

Bitter Spring, Montana
Jumatatu, 23 Oktoba 2023

Kwa dada yangu Ardith,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na najua nawe u mzima kwa sababu nakuona kila asubuhi ukifungua duka, ukitazama kila upande isipokuwa upande wangu. Hilo koti jekundu limekupendeza.

Nakuandikia kikazi, kwa hiyo usiitupe kabla hujamaliza. Mtu akija kununua bunduki kwako, unapiga simu serikali kuu, unataja jina lake, unajibiwa: auziwe, asubiri, au anyimwe. Hilo unalijua kuliko mimi. Akinyimwa, ni kwamba sheria haimruhusu kushika silaha, na siku hizi wao wanatakiwa kunitaarifu mimi, polisi wa hapa. Lakini wamepewa siku nzima ya kunitaarifu. Siku hiyo moja ndiyo inayonikosesha usingizi, maana mtu aliyenyimwa anajua amenyimwa, wewe unajua, na mimi nimekaa hapa nakunywa kahawa sijui lolote.

Ombi langu ni hili. Mtu akinyimwa mezani kwako, niambie pale pale. Piga simu. Au vuka barabara. Ukishindwa kabisa, gonga kioo chako kwa mpini wa fagio, nitasikia.

Ni mimi mdogo wako,
Solveig


Bitter Spring
Ijumaa, 27 Oktoba 2023

Kwa Mkuu wa Polisi,

Barua yako imefika leo. Imesafiri maili mia mbili hadi mjini wanakopanga barua, ikarudi maili mia mbili, ikatua ng'ambo ya barabara ile ile ilikotoka. Ulikuwa na haraka kweli! Nami nakujibu kwa njia hiyo hiyo, kwa sababu niliapa sitasema nawe, na kuandika si kusema.

Usidhani nimesahau sababu. Siku tunamzika baba, niliegesha gari karibu na bomba la zimamoto, pasiporuhusiwa gari, kwa kuwa macho yalijaa machozi, bomba lenyewe silioni. Natoka kanisani, nakuta karatasi ya faini kwenye kioo cha gari. Mwandiko wako. Umeweka hata nukta juu ya kila herufi inayotaka nukta. Binti wa marehemu anamwandikia faini binti wa marehemu! Tangu siku hiyo ni miaka sita, na sijutii.

Sasa kuhusu ombi lako: hapana. Meza hii ina heshima yake. Unamkumbuka baba. Mtu akinyimwa, alikuwa anamwambia, "Mitambo imelala leo, bwana, tutaona siku nyingine," anammiminia kahawa, wanazungumza habari za kulungu, na yule mtu anaondoka bila kuaibika. Hakuna jirani aliyejua. Mimi nauza bunduki, sichongei watu.

Mengine ni mazuri tu. Yule mpangaji wangu wa juu, Leanne, ameipaka ngazi rangi ya kijani bila kuniuliza, nami nimeipenda. Amefika majira ya kuchipua na sanduku moja na fidla, na sasa sijui niliishije bila yeye. Anaoka pai chini kwenye jiko la duka, na zikiwa ndani ya jiko anapiga fidla ili asilifungue mapema. Wawindaji wanakuja kununua risasi wanaondoka na pai. Jana mmoja alisahau risasi kabisa.

Wako kwa maandishi tu,
Ardith Haugen


Bitter Spring
Jumanne, 31 Oktoba 2023

Dada Ardith,

Nilimwandikia faini hata meya siku ile, naye alikuwa amebeba jeneza. Tuyaache hayo.

Nitakuambia jambo ambalo nilipaswa kulifunga mdomoni, kwa hiyo nitaliambia nusu. Katika mji huu kuna mwanamke aliyekimbia mume. Ana amri ya mahakama: yule mwanamume haruhusiwi kumsogelea, wala kumpigia simu, wala kununua bunduki. Jina lake sitakuambia, kwa sababu nilimwahidi. Alikaa kwenye kiti kilicho mbele yangu hapa, akaniuliza swali moja tu: "Akinitafuta, utajua?" Nikamwambia nitajua.

Nilisema hivyo kwa kujiamini sana, Ardith. Kisha nikarudi nyumbani nikafikiria. Nitajua kesho yake.

Baba alikuwa mtu mwema, na ile kahawa yake ilikuwa ya wema. Lakini wakati wa baba, mitambo ikilala, aliyekuwa anaaibika ni jirani. Je, akija asiyekuwa jirani?

Mdogo wako,
Solveig


Bitter Spring
Jumatatu, 13 Novemba 2023

Kwa Mkuu wa Polisi,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na hasira yenyewe imeharibika njiani.

Wiki iliyopita mzee Clifford Tveit alikuja kununua bunduki ya kuwindia, ile yake imeota kutu. Nikapiga simu, wakasema anyimwe. Clifford! Mtu anayelisha kunguru kwa kijiko! Nikamwambia mitambo imelala, nikammiminia kahawa, sikukuambia. Kesho yake mchana taarifa ikakufikia yenyewe, na nikakuona dirishani unaingia kwenye gari. Nikasema moyoni, basi, huyo anakwenda kumtia mzee pingu.

Leo kaja Clifford mwenyewe, kacheka mpaka meno yakatoka. Anasema ulifika kwake na lefse za moto chini ya kitambaa, mkala mikate yote ile ya viazi na sukari, ndipo ukamuuliza taratibu. Kumbe akiwa kijana, katika jimbo jingine, yeye na rafiki yake waliiba tingatinga la serikali wakaenda nalo kumposa msichana. Alifungwa, akatoka, akadhani yameisha. Hakujua kwamba sheria bado inamkumbuka. Anasema umemtafutia wakili wa kumsaidia kuomba haki zake, na mpaka hapo atawinda kwa upinde, ambao hauhitaji ruhusa ya mtu. Amenunua mishale kwangu. Mshale wa kwanza umepiga mlango wa banda lake mwenyewe.

"Na yule msichana?" nikamuuliza. Akasema, "Nilimwoa, alikuwa ananisubiri nitoke."

Kwa hiyo nimefikiri. Mtu anayekwenda na lefse si yule niliyekuwa nikimchukia. Na huyo mwanamke wako asiye na jina amekaa kichwani mwangu, nawatazama wanawake wote wanaopita nikijiuliza ni nani. Haya, umeshinda. Akinyimwa mtu mwingine, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Ardith

Tena: Jumamosi hii kuna dansi la wawindaji kwenye ukumbi wa zimamoto, na Leanne atapiga fidla. Amekuwa akikataa kupiga mbele ya watu tangu aje, na sasa amekubali. Nimebandika matangazo hadi kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu. Nina furaha kama mimi ndiye nitakayepiga.


Bitter Spring
Alhamisi, 16 Novemba 2023, asubuhi

Dada!

Barua yako nimeipata sasa hivi. Nimefurahi mpaka nimemkumbatia Lonnie, naye ni askari wangu, hajazoea mambo hayo. Lakini dada yangu mpenzi, SI KWA KUANDIKA. Barua inachukua siku tatu nne! Taarifa ya serikali kuu itaipita njiani na kuipungia mkono. Simu, Ardith. Au miguu. Au fagio.

Ningekuja mwenyewe kukuambia, ila naona umeweka lile bango mlangoni, "Wateja wote karibuni isipokuwa mmoja." Kwa hiyo naitupa ndani ya sanduku la posta hapa nje na kuomba Mungu.

Hayo matangazo ya dansi, jina la Leanne limo?

Solveig


Bitter Spring
Alhamisi, 16 Novemba 2023, mchana

Kwa Mkuu wa Polisi,

Nimetimiza ahadi, wala wino haujakauka.

Leo amekuja mgeni, mwanamume wa makamo, nywele amezichana vizuri, ana adabu kuliko vijana wote wa hapa. Alitaka bunduki ndogo ya mkononi. Alijaza maelezo yake bila kusita, nikapiga simu, wakasema anyimwe. Hawasemi kwa nini, unajua hawasemi. Nikamwambia mitambo imelala. Hakukasirika hata kidogo. Alitabasamu, akanywa kahawa, akasifu ngazi ya kijani.

Kisha akatazama tangazo la dansi ukutani, akaniuliza huyo mpiga fidla ni mtu wa hapa. Nikamwambia ni wa hapa kwa sababu tumemfanya wa hapa! Nikamsifia, unanijua nikianza. Akasema anaupenda sana muziki wa fidla na atafanya bidii abaki mpaka Jumamosi. Anatokea huko Idaho, gari lake la kijivu. Alisema atatafuta mahali pa kula.

Pengine naye ana tingatinga lake la zamani. Lakini nimekuahidi, kwa hiyo mpelekee lefse.

Naitia barua kwenye sanduku sasa hivi, kisha nakwenda kumwambia Leanne kwamba amepata shabiki kutoka mbali.

Ardith


Bitter Spring
Jumatatu, 20 Novemba 2023

Mpendwa dada Ardith,

Barua yako ya Alhamisi imefika leo. Nakushukuru kwa kunitaarifu kwa wakati. Nimeisoma kwa makini, nikamwambia Lonnie achukue gari tukamsake mtu wa nywele zilizochanwa vizuri. Lonnie akasema, "Bosi, huyo yuko kwenye jela ya kaunti tangu Alhamisi, amenyimwa dhamana, na anasema chakula kibaya."

Nimecheka mpaka nikatoa machozi, kisha yale machozi yakabadilika. Hebu nikuandikie nilivyoiona Alhamisi, maana wewe ulikuwa ndani yake na hukujiona.

Nilikuwa dirishani na mkate mkononi. Nikakuona unatoka dukani mbio, bila koti, unga kwenye mikono yote miwili, nadhani ulikuwa umemnyanyua Leanne kutoka sakafuni. Ulikwenda kwenye sanduku la posta ukaanza kuuvuta mlango wake. Ukaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Lonnie akasema, "Bosi, kuiba barua posta ni kosa kwa sheria za serikali kuu, nimkamate?" Nikamwambia subiri tuone. Ukalipiga teke sanduku. Kisha ukageuka, ukaitazama barabara.

Miaka sita hujaivuka kwa upande huu. Ukienda benki unazunguka kanisani. Nikaacha kutafuna. Ukavuka, dada, hukutazama kulia wala kushoto, lori la majani likafunga breki na dereva akatoa tusi ambalo sikuliandikia faini. Ukausukuma mlango wangu ukasema, "Solveig, vaa viatu! Yuko hapa, na nimemwambia kila kitu!"

Ukakaa kwenye kile kiti cha mbele yangu, ukalia. Nilitaka nikushike mkono lakini nilikuwa navaa viatu.

Tulimkuta kwenye mgahawa. Alikuwa amekula mpaka sahani ikabaki tupu. Alikuwa akila pai ya Leanne bila kujua ni ya nani, na mezani simu yake ilikuwa wazi kwenye ujumbe wa mtu wa bonde la pili anayeuza bastola yake mwenyewe, mkono kwa mkono, bila kuulizwa jina. Walikuwa wameahidiana jioni ile ile. Alisimama polepole, akasema kuna makosa. Nikasema ndiyo, yapo, na nikamsomea. Taarifa ya serikali kuu ilinifikia kesho yake, kwa wakati kabisa kwa mujibu wa sheria. Wamefanya kazi yao vizuri. Lakini ile jioni katikati ilikuwa yako, Ardith. Uliivuka kwa miguu.

Sasa mbona Ijumaa umerudi kwenye kiapo? Nimekupungia, umetazama paa la kanisa. Jumamosi kwenye dansi umecheza na Clifford, umecheza na Lonnie, umecheza na dereva wa lori la majani, na kila nikikaribia unakwenda kuangalia kahawa. Ulishavunja kiapo. Nimekusikia, na Lonnie ni shahidi.

Bado natembea kuelekea mlango wako na kugeuka nikiona lile bango.

Mdogo wako,
Solveig


Ghorofani, juu ya duka
Jumatano, 22 Novemba 2023

Kwa Ardith na Solveig,

Naiweka barua hii chini ya milango yenu yote miwili, nakala mbili, kwa sababu hapa naona ndivyo watu wanavyozungumza.

Ardith, acha kuniomba msamaha kila ukipanda ngazi. Umeniomba asubuhi, umeniomba mchana, jana umeniomba nikiwa naoga. Ulijivunia mimi mbele ya mtu kwa sababu unanipenda. Haijawahi kunitokea mtu kujivunia mimi. Na ulipojua, hukujificha kwa aibu, ulikimbia. Nilikuwa dirishani, nilikuona ukilipiga teke sanduku la posta la serikali ya Marekani, na katikati ya hofu yangu yote nilicheka.

Solveig, nilikuuliza kama utajua, ukasema utajua. Ulijua.

Jumamosi nilipanda jukwaani. Nilizoea kuitazama milango, nihesabu ni mingapi. Nikautazama mlango, nikakuona wewe Solveig umeuegemea na sahani ya pai, na nikamtazama Ardith anacheza na mzee Clifford, wote wawili wanakwenda kinyume na muziki. Nikaacha kuutazama mlango. Nilipiga mpaka waya ukakatika, nikafunga mwingine nikaendelea.

Kesho ni Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga ni mmoja, jiko ni moja, na mimi siwezi kubeba sahani kuvuka barabara. Nimeandaa meza ya watu watatu hapa juu. Bango la mlangoni nimelishusha, liko chini ya pai, linazuia mezani pasiungue.

Njooni wote saa nane. Msiponijibu nitajua mnakuja.

Leanne


Bitter Spring
Ijumaa, 24 Novemba 2023

Kwa mdogo wangu Solveig,

Jana ulikuja na lefse, na shati lililopigwa pasi. Leanne alisema sala, tukala. Ulisimulia kuhusu Clifford na mlango wa banda. Leanne alicheka mpaka akashika ubavu. Na mimi, mbele ya mdogo wangu ambaye sikula naye miaka sita, nilisema neno moja tu tangu supu mpaka pai. Nilisema, "Nipe siagi."

Ukanipa. Nikakuona umesubiri.

Solveig, sikutaka siagi. Ilikuwapo nyingine mbele yangu. Nilifungua mdomo niseme jambo jingine, likakwama, ikatoka siagi. Kwa hiyo naliandika, ndiyo njia niliyoizoea, na najua barua itazunguka huko mjini na kukufikia Jumatatu au Jumanne, na mpaka hapo nitakuwa nakuona dirishani hujui.

Nilitaka kusema hivi. Siku ya mazishi ya baba, ile faini siyo iliyoniuma. Nilitoka kanisani nikitafuta mtu wa kulia naye, na aliyekuwa amebaki duniani wa kulia naye ni wewe, na wewe ulikuwa unafanya kazi. Nikadhani huumii. Alhamisi ile nilipoingia kwako nalia, nikakuona mikono inakutetemeka huku unafunga kamba za viatu kwa usahihi, fundo mara mbili, kama siku ile ulivyoweka nukta. Ndipo nikaelewa. Wewe ukiumia unafanya kazi. Baba alikuwa hivyo hivyo, na mimi ndiye niliyemjua baba kuliko wewe, nilipaswa kujua.

Nimekuwa na hamu nawe miaka yote hii, mjinga wangu, na ulikuwa ng'ambo ya barabara tu. Nilinunua lile koti jekundu ili ulione.

Mtu mwingine akinyimwa mezani kwangu, nitampa kahawa kama baba, na kabla hajaimaliza nitakuwa nimekupigia simu. Nimeandika namba yako ukutani juu ya simu, ingawa siihitaji, ni ile ile ya nyumba ya marehemu mama unamoishi.

Ukiisha kuisoma hii, usinijibu kwa barua. Njoo. Kama mvua ya theluji itakuwa kubwa njoo na gari, na uliegeshe pale pale kwenye bomba la zimamoto. Nitatoka kukuandikia faini mimi mwenyewe, kisha tutaingia ndani tule pai iliyobaki.

Dada yako,
Ardith